Moto wa kijani

Mzee aliyenifundisha ufundi friji pale Gerezani, Dar es Salaam, alikuwa na taa moja ya gesi ya kutafutia uvujaji. Ina kisahani cha shaba kinachopata moto, na mpira mrefu unaovuta hewa. Anaiwasha, anapitisha ncha ya mpira kwenye maungio ya bomba. Moto ukibaki wa bluu, twende mbele. Ukigeuka kijani, hapo ndipo panapovuja.

Siku moja ikaja friji inayotumia gesi mpya ya kupoozea, R-134a, sisi tunaiita 134. Nilihangaika nayo asubuhi nzima, moto bluu tupu, na gesi inaisha. Mzee akacheka: "Hiyo haina klorini, kijana. Chukua povu la sabuni."

Kumbe klorini ndiyo iliyokuwa ikiupaka moto rangi, na ndiyo hiyohiyo inayokula ozoni, tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua. Gesi 12, ile ya friji za zamani yenye klorini, iliyovuja Gerezani haikuishia Gerezani. Ilipanda polepole mpaka juu kabisa, miale ya jua ikaipasua, na atomu moja ya klorini inaweza kuvunja molekuli 100,000 za ozoni. Wanasayansi Molina na Rowland walionya mwaka 1974. Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni ukaja 1987.

134 haigusi ozoni, kwa hiyo tuliipokea kama dawa. Ila dawa yenyewe ina homa: kilo moja ikitoka, kwa hesabu ya miaka 100, inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ukaa. Gesi ya 22, ambayo bado naikuta kwenye viyoyozi vya zamani, ni 1,810, na klorini juu yake. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kupunguza hata hizi za kundi la 134.

Nami nimezimwaga sana. Unafungua vali, pssss, unaendelea na kazi. Kuivuta gesi kwenye mtungi kunataka mashine, na mashine ni pesa. Mwaka jana nikapata ya mtumba.

Wiki iliyopita mteja alinikuta nimekaa kando ya mashine hiyo ikinguruma. "Mbona hujaanza, fundi?" Nikamwambia naivuta gesi yako ya zamani, kilo na robo.

"Si uiachie tu? Hewa yote hii!"

Pesa ya kuvuta gesi alikataa kulipa. Sawa. Gesi nimeichuja, na juzi imeingia kwenye kiyoyozi kingine cha 22, cha mteja asiye na maneno mengi.