Mzee wa Mizinga na Vijana wa Ndege

Kosta ya asubuhi kutoka Lindi ilijaa tukiwa bado stendi. Nilibanwa dirishani na mama mmoja mwenye ndoo ya ming'oko ya kuchemsha, akanigawia, na chumvi yenye pilipili juu yake. Pale Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapochepuka, niligeuka kutazama upande wa Mahiwa. Oktoba 1917 askari Waafrika wa pande zote mbili walimalizana huko kwa ugomvi wa Wajerumani na Waingereza. Mwezi uliofuata meli ya angani ya Wajerumani, L59, iliruka kutoka Bulgaria kumletea kamanda wao huku, Lettow-Vorbeck, risasi na dawa, ije mpaka nyanda za Makonde. Ilifika Sudan, ikapokea simu ya upepo: rudini. Ikarudi.

Mtwara nilichukua bajaji hadi kwenye mkahawa ambako wapenda ndege hukutana. Vijana watupu, na injini wanazijua kwa majina kuliko shangazi zao. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mstaafu wa JWTZ, mpiga mzinga wa kutungulia ndege katika vita vya Kagera, tulipopigana na Uganda ya Idi Amin. Baada ya shikamoo kuzunguka, swali la kwanza likawa lile lile: "Babu, ulitungua ngapi?"

"Mjukuu wangu, anza kuuliza zilikuwa za nani."

Akasimulia ya Musoma, 1978, vita vikiwa vibichi: ndege zetu wenyewe tatu za kivita, MiG, zikatunguliwa na wenzetu waliokuwa ardhini. Yeye hakuwapo, habari ilimkuta njiani kwenda Kyaka, huko Kagera. Tangu hapo, alisema, kila mlio ulimtoa jasho. Unasikia kitu kinakuja, jua liko machoni, kidole kiko tayari, na hakuna aliyekuambia kama leo kuna yetu itakayopita. Ukichelewa umekufa. Ukiwahi, huenda umemuua ndugu yako.

Mwenyekiti akamkatiza kuuliza aina ya injini. Nilitamani kumfinya.

Mzee akacheka alipofika kwenye ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, iliyokwenda kupiga Mwanza, Machi 1979. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, wakafa swala. "Nao waliingizwa vitani bila kuambiwa."

Kijana mmoja akamwuliza kama siku hizi hupanda ndege kwenda Dar kuwaona watoto.

"Napanda basi," akasema. "Basi likipita, hakuna anayelisikilizia."