Jinsi tulivyopata kukaa kiangazi chote kwenye nyumba yetu Ufaransa

Mimi na mume wangu tuna pasipoti za Uingereza na kijumba Dordogne. Tangu Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, tunaruhusiwa kukaa huko siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na bustani haingoji.

Kilichotutoa ni viza ya muda mrefu ya Ufaransa, ile ya miezi minne hadi sita. Tulipeleka hati ya nyumba, bima ya afya, taarifa za benki na barua ya kuahidi kwamba hatutafanya kazi. Siku zake hazihesabiwi kwenye zile 90. Iombeni mkiwa bado Uingereza. Ukishafika kule umechelewa.

Majirani hawakutupa shida: kama kwetu pwani, unasalimia kwanza, hata dukani, ndipo unaomba mkate.