Lasi na chaasi kwa mashanza ya Goma

Lasi na chaasi ni vinywaji vya Kihindi vya maziwa ya mgando, ambayo Goma tunayaita mashanza. Lasi ya Punjab ni nzito: vikombe 2 vya mashanza, nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 2 vya sukari. Yeyusha sukari kwanza ndani ya maji, la sivyo itabaki chini ya glasi. Kwenye blenda, sekunde 20 zinatosha. Ukizidisha, mafuta hujitenga na vipunje vya siagi huelea juu. Umeme ukikatika (Goma tumezoea), piga kwa uma. Povu litapungua tu.

Chaasi ya Gujarat ni nyepesi, ya chumvi: kikombe 1 cha mashanza kwa vikombe 3 vya maji, tangawizi, dania. Bizari nyembamba ikaange kavu mpaka inukie, ndipo uisage. Mashanza yaliyochachuka mno kwa lasi, huku yanafaa kabisa.