Dume yuko wapi?

"Dume yuko wapi, mwanangu?"

Basi, ni hilo tu. Mzee wetu wa maabara hakupandisha sauti, wala hakuniuliza mbele ya vijana wa mafunzo. Alivua miwani, akaiweka kando ya hadubini, akauliza. Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Ijumaa usiku, watoto wamelala, na bado nalisikia.

Nilikuwa nimempelekea nyigu wadogo, wale wanaokulia ndani ya viwavi na kuwaua, waliotoka kwenye yale mabua ya mahindi ya Kilifi, ya siku ile gari lilipokwama mchangani. Kumi na wanne, wote wa kiwavi mmoja. Nilishinda siku mbili nikiwabandika kwenye ncha za vikaratasi, mmoja mmoja. Mdudu mwenyewe ni milimita mbili na kitu, ukipumua vibaya umempoteza. Chini yao nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Cotesia flavipes.

"Ulijuaje ni flavipes?"

"Miguu, Mzee. Ni ya njano."

"Na ya sesamiae ni ya rangi gani?"

Nikanyamaza. Hata ya Cotesia sesamiae, ndugu yake wa asili ya hapa kwetu, haiko mbali na njano hiyo. Ndipo akavua miwani.

Wote kumi na wanne walikuwa majike. Niliwachagua mwenyewe kwa sababu papasi zao, vile vipembe vya kichwani, ni fupi na hazikatiki ovyo. Madume wenye papasi ndefu niliwaacha ndani ya kichupa cha spiriti, nikaona hawatapendeza kwenye kisanduku.

Kinachonichoma ni kwamba nilikuwa najua. Nyigu wa familia ya Braconidae, walimo Cotesia, simchanganyi na wa Ichneumonidae, natazama bawa la mbele kama ule mshipa wa pili wa kukingama upo au haupo. Wa Chalcididae anajulikana kwa paja la nyuma lililovimba kama la panzi. Papasi nikizihesabu nikapata vipande 18, najua niko karibu na Cotesia. Lakini hawa ndugu wawili, flavipes na sesamiae, rangi haiwatenganishi. Ni kiungo cha uzazi cha dume, ukitoe, ukiloweke kwenye potasi mpaka kiwe cheupe, ukilaze kwenye slaidi. Nilifundishwa hivyo, na mimi nimewafundisha wengine hivyo.

Wiki hii posa ya mdogo wangu imepokelewa, maji yamerudi baada ya siku tisa na mkataba wangu umeongezwa hadi Juni. Lakini usiku nikifumba macho naona miwani ile juu ya meza.

Nilimjibu Mzee kichwani mara nyingi. Kwamba shamba lile limejaa Chilo partellus, kipekecha bua aliyetujia kutoka Asia. Kwamba flavipes aliletwa kutoka Pakistani mwaka 1991 ili ammalize, akaachiwa mashamba ya pwani mwaka 1993, na ameenea. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kumtarajia. Na kila nilipofika hapo nilijisikia vibaya zaidi, maana kumbe sikumtazama mdudu, nilitazama nilichokitarajia. Mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia habari ya kahawa ya miaka ya 1930, vidung'ata vyeupe, wadudu wanaofyonza mibuni, vilivyopewa jina lisilo lao, watu wakasafiri Asia kutafuta nyigu wa kuvimaliza, kumbe nyumbani kwao ni Uganda, na nyigu wao yuko huko huko. Mwaka 1938 akaletwa nyigu huyo, Anagyrus, kutoka Uganda. Jina moja baya lilikula miaka.

Jana nilifika maabara kabla mlinzi hajazima taa za nje. Nikamimina kile kichupa kwenye kisahani. Madume watatu, kaka za wale majike kumi na wanne, papasi zimejikunja kama nyuzi zilizofumuliwa. Mmoja nilimharibu. Wa pili nilimtoa ncha ya tumbo kwa sindano mbili, nikamloweka, nikangoja. Ilipofika saa nne nilikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, kinang'aa kama kioo. Nikakilinganisha na slaidi zetu za kumbukumbu. Nikarudia. Nikamtengeneza na wa tatu.

Sesamiae. Wote wawili.

Lebo zangu kumi na nne zilikuwa za uongo, na hata hivyo moyo ulinijaa mpaka nikashindwa kukaa. Mwenyeji bado yupo! Zaidi ya miaka thelathini baada ya mgeni kuachiwa, kwenye shamba ambalo sote tulidhani ni la mgeni, nyigu wetu wa asili amempata kiwavi ndani ya bua na amezaa. Nilimwita Mzee. Alitazama muda mrefu, akasogeza slaidi, akatazama tena.

"Haya. Sasa andika."

Nikaandika lebo upya, kumi na nne, na mbili za slaidi. Za zamani sikuzitupa. Nimezibandika kwenye daftari langu, ukurasa wa Jumanne.

Wiki ijayo nataka kurudi Kilifi, safu zile zile za mahindi, kabla hawajang'oa.

Mama hajapokea simu tangu saa kumi na mbili. Dada anasema amelala mapema. Mama halali kabla ya taarifa ya habari.