Mzee wa Fehmarn

Dereva yeyote wa teksi aliyekaa Seattle anayajua makaburi ya Greenwood, hata kama hana ndugu aliyezikwa huko. Watu wanashuka ndege SeaTac, wanaingia garini na mabegi yao, hotelini hawajafika, na tayari wanakuonyesha karatasi iliyoandikwa Renton, Monroe Avenue. Unashika barabara ya 405, unaingia mji ambao Boeing wanaunda ndege zao za 737, unapanda mlima, na kabla hujamaliza kumwuliza mgeni ametoka nchi gani mmeshafika. Nimewapeleka Wajapani, Wabrazili, Waitaliano. Wote walimfuata mtu mmoja, mpiga gitaa Jimi Hendrix, aliyezaliwa Seattle mwaka 1942, akafia London mwaka 1970 akiwa na miaka 27, akarudishwa kwao kuzikwa.

Mimi sikuwa shabiki. Nimekulia Morogoro, na Morogoro ukitaja gitaa unajibiwa Mbaraka Mwinshehe, mjadala umefungwa. Baba yangu mdogo alikuwa akipiga ridhimu katika bendi moja ndogo ambayo sidhani kama iliwahi kuvuka mpaka wa mkoa, na kwake muziki wa dansi ulikuwa kazi ya kugawana. Kuna mtu wa solo, kuna wa ridhimu, kuna wa besi, na bendi yenye uwezo inaongeza solo la pili katikati. Kila mtu na sehemu yake. Ukiacha yako ukaingia ya mwenzio, umechafua. Sasa mtu aliyelelewa hivyo, muonyeshe Hendrix kwenye televisheni akipiga gitaa nyuma ya kichwa, akilikwanyua kwa meno, halafu alichome moto pale kwenye tamasha la Monterey mwaka 1967. Kitu cha kwanza nilichowaza ni bei ya gitaa. Kwetu vyombo vilikuwa mali ya bendi au ya tajiri wa bendi, na mpigaji aliyevunja hata kitufe cha sauti alikatwa kwenye malipo.

Abiria ninayetaka kumweleza nilimpata Jumamosi ya tarehe 18 Septemba 2010. Ilikuwa miaka 40 kamili tangu Hendrix afariki, na madereva tulikuwa tumeambizana kwamba Renton kutakuwa na watu. Alikuwa Mjerumani mrefu, mzee, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwapo, mawingu tu. Begi lake lilikuwa dogo kiasi cha kunifanya nidhani amekuja kwa siku moja. Nilipomwuliza kama twende Greenwood, akasema ndiyo, lakini kwanza tushuke kusini, kwenye makutano ya Pacific Highway na barabara ya Kent-Des Moines.

Pale mimi hupita karibu kila siku. Hakuna cha kuona zaidi ya magari na taa za kuyaongoza. Mzee akashuka, akasimama ukingoni mwa barabara akitazama huku na huku, kisha akarudi garini ameridhika kabisa. Akanieleza kwamba hapo ndipo ulipokuwa ukumbi wa Spanish Castle, ambao Hendrix aliuzoea alipokuwa kijana na baadaye akautungia wimbo, na ulibomolewa mwaka 1968. Nilimtazama kwenye kioo. Mtu katoka Ujerumani kuja kunionyesha njia yangu ya kila siku!

Njiani akanisimulia Fehmarn. Ni kisiwa cha kwao, kaskazini, kwenye bahari ya Baltiki, na mwanzoni mwa Septemba 1970 kulifanyika tamasha kubwa huko. Upepo ulikuwa mkali, mvua haikukatika, mahema yalikuwa yakiruka. Hendrix alitakiwa kupiga Jumamosi usiku, ikaahirishwa hadi Jumapili mchana, tarehe 6. Watu walikuwa wamelowa, wana njaa na usingizi, basi alipopanda jukwaani wakamzomea. Mzee alikiri kwa kicheko kwamba na yeye alizomea. Hendrix akawaambia kwamba hajali wakizomea, ilimradi wazomee kwa ufunguo wa wimbo. Halafu akaanza na wimbo wa mwimbaji wa blues Howlin' Wolf, Killing Floor, na kelele zikakoma. Siku 12 baadaye redio zikatangaza kwamba amekufa. Hakupiga onyesho jingine kamili baada ya lile la kisiwani.

"Umekuja kuomba radhi?" nikamwuliza.

"Nimekuja kusikia watu wengine wanasemaje," akanijibu. "Mke wangu amechoka kunisikiliza."

Tulipofika aliniomba nisikae ndani ya gari, mita iendelee, nitoke naye. Abiria anayelipa mita huku umesimama makaburini hakatazwi.

Kaburi lenyewe si la kutafuta. Familia ilijenga kuba la graniti lenye urefu wa takribani mita tisa, limekaa juu ya nguzo tatu, na chini yake liko lile jiwe la awali lenye gitaa lililochongwa. Sura ya Hendrix imechorwa kwenye graniti, na mashavuni kwake mmejaa alama za midomo yenye rangi, nyekundu, waridi, hata zambarau, kwa sababu wanawake (na wanaume wachache niliowaona kwa macho yangu) humbusu. Siku ile sakafu ilikuwa imejaa maua, barua zilizokunjwa, sarafu za nchi nyingi, nyuzi za gitaa zilizosokotwa kama bangili, na vile vipande vidogo vya plastiki vya kukwanyulia nyuzi, mamia kwa mamia. Baba yake, Al, ambaye maisha yake alikuwa mtunza bustani, amezikwa hapo hapo.

Watu hawakuwa kimya. Mtu angetegemea msiba, lakini palikuwa na ubishi wa kijiweni. Kijana mmoja mwenye gitaa kavu alishikilia kwamba hakuna solo duniani linalofikia la All Along the Watchtower. Wimbo ni wa Bob Dylan, lakini Dylan mwenyewe baadaye akawa anaupiga kwa namna ya Hendrix, kwa hiyo kesi imekwisha. Mzee wangu akaingia, bado hajaweka hata ua lake. Yeye ni wa Voodoo Child, ile fupi inayofunga albamu ya Electric Ladyland, yenye gitaa linaloongea kama mtu kwa pedali. Akawakumbusha kwamba wimbo huo ulishika namba moja Uingereza mwezi Novemba 1970, mwenyewe akiwa ameshazikwa. Mwingine akasema ule wimbo wa taifa wa Marekani alioupiga kwenye tamasha la Woodstock asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, ambao ndani yake unasikia mabomu na ving'ora, unatosha peke yake hata kama asingerekodi kitu kingine.

Pembeni alikaa mama mmoja Mmarekani Mweusi kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho kutoka nyumbani. Aliwaacha wachoke. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kufundisha watoto, kwamba wote wanasikiliza nyuzi nyembamba za sauti ya juu tu. Akamgeukia kijana: "Mwanangu, tupigie Little Wing. Uanze mwanzo, na usikimbie."

Kijana akapiga.

Nilikuwa nimeusikia wimbo ule redioni bila kuusikiliza. Ni mfupi, haufiki dakika mbili na nusu, upo kwenye albamu ya pili, Axis: Bold as Love, ya Desemba 1967, na unafifia na kuondoka wakati solo ndiyo kwanza linakolea. Lakini sasa nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye mkono wa mpigaji, na jicho langu likaenda kule ambako baba mdogo alinizoesha kulipeleka, kwenye mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kijana kilikuwa kimepanda juu ya shingo ya gitaa, kimebana uzi mnene. Hiyo ni besi. Vidole vya katikati vilishika kodi, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, na kodi haikukaa kimya, ilikuwa ikitembea na kuhesabu mapigo. Hiyo ni ridhimu. Na kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa, kilikuwa kikitoka na kurudi juu ya ile kodi, kikidokoa vijisauti vya kuimba, na hilo, kwa jina lolote utakaloliita, ni solo. Hakuna aliyeingia sehemu ya mwenzake, kwa sababu mwenzake hakuwapo.

Nilijikuta nimesema kwa nguvu: "Hawa ni watu watatu!"

Wakageuka wote. Dereva wa teksi kafungua mdomo. Ikabidi nieleze, na Kiingereza changu siku zile kilikuwa cha kuulizia anwani na kutaja nauli. Nikawaambia kwetu sehemu hizi za gitaa zinapigwa na watu watatu au wanne wamesimama mstari mmoja, na kwamba bendi ya Hendrix, Experience, ilikuwa na gitaa moja, besi ya Noel Redding na ngoma za Mitch Mitchell, kwa hiyo alikuwa na nafasi kubwa ya kujaza, na aliijaza bila kelele. Mama akapiga paja. Akasema huo mkono Hendrix ameutoa kwa mpiga gitaa Curtis Mayfield, na kwamba kabla Uingereza haijamwona mwaka 1966 Hendrix alizunguka miaka na bendi za watu weusi akipiga nyuma ya waimbaji, nyuma ya Isley Brothers, nyuma ya Little Richard, akilipwa kukaa pale pale kwenye ridhimu. Alipochoka kukaa pale aliondoka, lakini ridhimu aliondoka nayo.

Mama huyu alikuwa msichana wa shule tarehe 26 Julai 1970, Hendrix alipopiga kwa mara ya mwisho nyumbani, katika uwanja wa Sick's, Rainier Avenue. Mvua ilinyesha vilevile. Wavulana wa mtaani kwao walimcheka kwa kwenda, wakasema ule ni muziki wa wazungu. Alipolisema hilo hakutabasamu. Alisema redio walizokuwa wakizisikiliza nyumbani hazikumpiga sana, na kwamba watu wa kwao walikuja kumdai baadaye, alipokwisha kuwa sanamu. Sanamu kweli ipo, ya shaba, kwenye Broadway, amepiga magoti. "Wote wanaoipiga picha," akasema, "wanataka yule wa moto."

Hapo mimi na yeye tulikuwa upande mmoja, na bado niko upande huo. Moto unapatikana kwa kiberiti. The Wind Cries Mary, kwa mfano, ulirekodiwa kwenye dakika kama 20 zilizobaki za muda wa studio, wenzake hawakuwa wameufanyia hata mazoezi, na sijui mpiga gitaa mwenye haraka anayeweza kuupiga akautendea haki.

Kijana, ambaye ubishi ulikuwa umemwacha nyuma, akataka kujua hiyo ridhimu ya kwetu ikoje. Nikaimba kwa mdomo kama baba mdogo alivyokuwa akinifundisha, nikigonga kwenye paja. Akaitafuta. Akaipata nusu. Mkazo akawa anauweka kwenye pigo la kwanza, mimi namwambia sogeza, yeye anausogeza mbele mno. Nikamsimulia habari ya kijana mmoja wa bendi ya baba mdogo aliyekuwa mashoto kama Hendrix. Hendrix aliligeuza gitaa la mkono wa kulia, akazifunga nyuzi upya ili uzi mnene ubaki juu. Yule wa kwetu hakuruhusiwa kugusa nyuzi maana gitaa si lake, akajifunza kulipiga limepinduka hivyo hivyo, besi ikiwa chini, na alipiga vizuri. Kijana wa Renton akapindua gitaa lake kujaribu, akapata kelele tupu. Kisha wakaingia Wahispania na keki, wakaomba Hey Joe, na ridhimu ya Morogoro ikafia hapo.

Mzee aliweka ua lake na sarafu ya Ujerumani ya zamani, ile mark ambayo haitumiki tena. Alizungumza na mama kwa muda mrefu kuhusu mvua mbili, ya Seattle na ya Fehmarn, nani alilowa zaidi. Mita ilikuwa imefika mahali ambapo nilianza kuona aibu, nikaizima.

Kurudi mjini akasema tupitie Rainier Avenue. Nikamwambia ule uwanja ulibomolewa mwaka 1979, na sasa hapo ni duka kubwa la vifaa vya ujenzi; nalijua, nilinunulia bomba la jikoni. Akasema ndiyo hapo hapo anapotaka. Akaingia akiwa na koti lake la mvua, nikamwona akimsimamisha mfanyakazi mmoja, kisha mwingine, akionyesha kwa mikono jukwaa lingekuwa upande gani, wa rangi au wa mbao. Alitoka na pakiti moja ya skrubu ndogo. Skrubu zenyewe akanipa mimi. Alichotaka ni risiti, kwa sababu ina anwani ya Rainier Avenue South na tarehe ya siku ile, akaikunja akaiweka kwenye pochi nyuma ya picha ya mkewe.

Nauli alilipa bila neno. Kilichotuchelewesha mlangoni mwa hoteli ni Voodoo Child: alisema hata ndani ya ule wimbo kuna watu watatu, nikasema wawili, na mlinda mlango akaja kuniambia nisogeze gari.