Baba Hakupanda Meli

Uongo ule aliutunga Mama, mimi nikauitikia. Ilikuwa Juni 2022, usiku wa siku ile kaka yangu aliposhikwa. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa na miaka 9, aliuliza babake yuko wapi. Mama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Bila kuinua uso akasema, "Babako kapanda meli. Kapata kazi." Kwetu Mombasa meli ni jibu lililo tayari, maana kila mtaa una baharia wake na kila baharia hupotea miezi. Mtoto akauliza ni meli gani. Nikajibu mimi, "Kubwa."

Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliye na mtu gerezani na watoto nyumbani. Majina nimeyaacha kwa kuwa watoto wetu wangali wanasoma.

Kaka alikuwa karani wa godauni. Sitalipamba: vitu alivichukua, akaviuza. Dhamana ilitushinda, akakaa rimandi miezi 7, na Januari 2023 akahukumiwa miaka 3 kwa kumwibia mwajiri, akapelekwa gereza la Shimo la Tewa. Alimwacha wifi yangu na watoto wawili katika chumba kimoja Mishomoroni, yule mvulana na mdogo wake wa kike wa miaka 3. Mimi naishi vichochoro viwili kutoka kwao, nauza viazi karai na bajia jioni.

Wiki za mwanzo tulizipoteza kwa kukimbia huku na huko. Mtu mmoja aliyevaa tai, tuliyemkuta nje ya mahakama, alituambia anajua mlango wa kupitia. Tukampa shilingi 15,000, ambazo zilikuwa kodi ya wifi na karo, na tangu siku hiyo hakupokea tena simu yetu. Hakuwa wakili. Kama ningejua wakati ule ninalolijua sasa, ningeshika jambo moja tu: dhamana ya pesa taslimu hulipwa rasmi, ina risiti, na hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alihudhuria. Pesa unayompa mtu mkononi chini ya mwarobaini, umeigawa.

Lakini pesa zilipatikana tena, kidogo kidogo. Kilichokuwa kigumu ni ile meli.

Jumapili nilikuwa nikiwachukua watoto hadi bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, wapunge upepo, ili wifi apumzike. Anayeijua Mama Ngina anajua mlango wa kuingilia bandari ya Kilindini ulivyo mwembamba, meli hupita karibu hata ukaona watu juu ya sitaha. Mvulana alikuwa hali kachiri zake mpaka meli ipite. Akiiona inatokeza alikuwa akipanda ukutani na kupunga mikono yote miwili, si mmoja, na hakuacha mpaka imezama nyuma ya majengo ya bandari. Siku moja baharia mmoja akampungia. Mtoto alirudi nyumbani anaruka, akamwambia kila mtu chumbani, na Jumatatu akawaambia darasa zima. Mimi usiku ule chakula hakikupita kooni. Nilijua tumemjengea mtoto nyumba juu ya maji, ila sikujua namna ya kumshusha.

Yeye ndiye aliyenishusha mimi. Muhula wa kwanza wa 2023, Gredi ya 4 yao ilipelekwa Fort Jesus. Jioni alinikuta nakoroga unga wa bajia. Akaanza kunieleza: Wareno walianza kuijenga 1593, zikapigwa vita, halafu Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 mpaka 1958. Akanyamaza kidogo.

"Shangazi, sasa jela iko wapi?"

"Shimo la Tewa."

"Ndiko aliko baba?"

Mwiko ulinidondoka. Nikamuuliza ameambiwa na nani. Kumbe mtoto wa jirani alimwambia tangu Septemba, wakigombea mpira. Nikamuuliza, basi mbona ulikuwa ukipungia meli miezi yote hii? Akasema, "Nisimvunje moyo Nyanya. Nyanya anadhani sijui."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Sisi watu wazima tulidhani tunamkinga mtoto, kumbe mtoto wa miaka 9 ndiye aliyekuwa akitukinga sisi. Siri yetu aliibeba yeye, peke yake, bila wa kumuuliza kitu.

Nilizima jiko. Nikamwambia maneno machache ya wazi: babako alichukua vitu visivyokuwa vyake, akashtakiwa, akahukumiwa, anatumikia kifungo, kina mwisho, na hakuacha kukupenda. Maswali yakaja kama mvua. Analala kitandani? Wanampiga? Anakula wali? Niliyoyajua nilimjibu, nisiyoyajua nikamwambia tutamuuliza mwenyewe. Halafu, akiwa ameuangalia mlango, akasema, "Mimi nilitaka baiskeli." Kaka alimnunulia baiskeli miezi miwili kabla ya kushikwa. Kumbe mtoto alikuwa amefanya hesabu zake mwenyewe: baba aliiba kwa sababu yangu. Baiskeli ile ilikuwa inaota kutu nyuma ya nyumba, na sisi tulidhani ameichoka.

Kwa hiyo nikikutana na mzazi anayeniambia mtoto wake ni mdogo mno kuambiwa, humjibu kwamba mtoto asiyeambiwa hujitungia, na anachojitungia mara nyingi humhukumu yeye mwenyewe. Yule mdogo tulimwambia kwa kadiri yake: baba yuko jela, ni mahali wanapowekwa watu wazima waliovunja sheria, atarudi. Maneno yale yale, na Mama, na wifi, na mimi, kila alipouliza. Mama alichukua muda kukubali. Aliona aibu. Mwisho alimwita mjukuu wake, akamkalisha kwenye mkeka, akamwambia, "Nisamehe mwanangu, niliogopa."

Kumzuru kaka tulianza likizo ya Aprili. Matatu ya Mtwapa unaipandia Bombolulu, unashuka kabla ya daraja. Usiku wa kuamkia ziara nilimweleza mvulana kila kitu: tutapekuliwa, simu tutaacha, kitambulisho changu kitashikwa, baba atakuwa amevaa zile nguo za milia wanazoziita kunguru, na kati yetu na yeye kutakuwa na wavu. Nilidhani nimemaliza. Nilisahau kelele. Familia zote huzungumza kwa wakati mmoja, kila mtu anapaza sauti asikike, na mtoto akaganda, macho chini. Kaka naye akawa hana neno. Dakika zinakwenda. Mara kaka akapiga kelele, "Saba mara nane?"

Mvulana akainua uso. "Hamsini na sita!"

"Tisa mara sita?"

"Hamsini na nne!"

Basi ikawa ndiyo desturi yao. Kila ziara hesabu kwanza, habari baadaye. Nyumbani alikuwa akijifunza jedwali asishindwe mbele ya babake, na kaka, alivyoniambia baadaye, alikuwa akimwomba mfungwa mwenzake aliyekuwa mwalimu amtungie maswali magumu zaidi. Mtoto akawa na cha kupeleka na baba akawa na cha kumpa, bila shilingi. Mdogo alikataa kabisa siku ile, alijificha ndani ya leso yangu. Sikumlazimisha. Nilimwacha achore, mchoro ukapelekwa, na kwa miezi kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa ziara yake.

Wifi hakwenda. Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na nataka niseme wazi. Nilimnunia. Nilimwona mwanamke anayemtupa mumewe wakati wa shida, na siku moja nikamwambia hivyo mbele ya Mama. Akanijibu kwa upole, "Wifi, wewe unakwenda kumwona kakako. Mimi nikienda, namwona mtu aliyeniachia kodi ya miezi mitatu na watoto wawili, nami natakiwa nimchekee." Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kukanda mahamri ya kuuza, mchana akifulia watu nguo. Nilimwomba radhi. Tangu hapo nikaacha kubeba salamu na lawama kati yao, nikajipa kazi moja: watoto wafike kwa baba yao, na mama yao asisukumwe. Alikwenda mwenyewe mwezi wa nane, bila kutuambia.

Shuleni tulimwambia mwalimu wa darasa, peke yake. Mvulana ndiye aliyemchagua. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwalimu yule alituosha vizuri: hakumtangaza, hakumhurumia mbele ya wenzake, ila zile siku za baada ya ziara, mtoto akiwa mzito, alikuwa akimtuma dukani kununua chaki ili apate hewa.

Pale nje ya lango nilikutana na watu ambao sikujua nawahitaji. Ukienda mara tatu, nne, unaanza kuzijua sura. Tulikuwa wanawake watano, tukaanza kupanda matatu moja, halafu tukawa na chama: shilingi 100 kila wiki, na sharti tuliloliweka ni kwamba pesa hizo ni za watoto tu. Nauli ya mtoto, viatu vya shule, kitabu. Kuna wakati mmoja wetu aliomba za kumpelekea mumewe, tukakataa, akalia, na nadhani tulifanya sawa.

Miongoni mwetu kulikuwa na bibi mmoja wa Likoni ambaye bintiye alikuwa gereza la wanawake na mtoto wake mdogo. Sheria ya Kenya inamruhusu mtoto kukaa na mama yake gerezani mpaka atimize miaka 4, kisha hutoka. Bibi alijua mjukuu wake anakaribia. Hakungoja siku yenyewe. Alikwenda mapema kwa afisa wa ustawi wa gereza na ofisi ya watoto, na kwa miezi mitatu alikuwa akimzuru mtoto mara kwa mara ili azoee sauti na harufu yake, akimletea picha za nyumba, za paka, za kitanda atakacholalia. Hata hivyo siku ya kutoka, walipofika feri, honi ilipolia mtoto alijitupa chini akaziba masikio. Watu wanapita, wengine wanamsukuma. Bibi hakumwinua. Alikaa naye pale sakafuni, akamfunika kichwa kwa leso, feri mbili zikaondoka wakaachwa, wakapanda ya tatu. Kila nikiisikia honi ile nawakumbuka.

Kuhusu sheria nitasema machache, kwa kuwa tulichelewa kuyajua. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14 tangu hukumu, na sisi siku hizo zilipita tukiwa tumeinama. Lakini gerezani wamo wafungwa waliofunzwa na shirika la Kituo cha Sheria wakawa wasaidizi wa kisheria wa wenzao, na mmoja wao aliitazama karatasi ya kaka akamwuliza, "Miezi yako ya rimandi iko wapi?" Hukumu ilikuwa imehesabiwa kutoka siku iliposomwa. Sheria inataka muda aliokaa mtu mahabusu uzingatiwe. Wakamwandikia ombi la Mahakama Kuu, bila malipo, na miezi ile 7 ikahesabiwa. Kwa kuwa mfungwa mwenye nidhamu na bidii ya kazi hupunguziwa theluthi ya kifungo, tulikuwa tukiingoja Januari 2025; kwa miezi ile 7 ikawa Juni 2024. Nilipomwambia mvulana alichukua kalenda ya ukutani, akageuza kurasa, akaona haifiki huko, akachora miezi iliyobaki kwa kalamu kwenye ukuta wenyewe. Wifi hakumgombeza.

Desemba ile kulikuwa na siku ya familia, wafungwa waliruhusiwa kuketi na watoto wao bila wavu. Afisa wa ustawi ndiye aliyetuambia. Usipouliza ofisi ile huenda hutajua. Mdogo, aliyekuwa amekataa kuja muda wote ule, alikaa kwenye paja la babake dakika nzima bila kusema. Kisha akaanza kuhesabu milia ya shati kwa kidole, moja, mbili, tatu, akifika kumi anaanza tena maana ndiyo mwisho wa hesabu zake. Kaka alikuwa hapumui, asije akamkatiza.

Ameshatoka. Kazi ya ukarani hakupata, anabeba mizigo sokoni Kongowea na kusaidia mahamri asubuhi. Yeye na wifi wanazungumza, kuna siku hawazungumzi. Mvulana aliitoa baiskeli, wakaisugua kutu wawili. Tulidhani akishatoka ugumu umekwisha, lakini mdogo kwa wiki nyingi alikuwa akimuuliza mamake, mbele ya baba yake, "Huyu anaondoka lini?"

Siku hizi hamuulizi mtu. Usiku, wote wakilala, huchukua ndara za babake na kuzificha: chini ya mkeka, ndani ya sufuria ya mahamri, siku moja ndani ya mkoba wa shule. Alfajiri kaka hutoka kwenda Kongowea, na kabla ya kutoka huzunguka chumba miguu mitupu, akitafuta polepole, bila kuwasha taa, na bila kumuuliza mtu ziko wapi.