Taa ya tatu ya breki kwenye Hilux ya zamani: iweke juu, na waya uanzie kwenye pedali

Wale wa njia ya Tororo kwenda Malaba mnajua foleni ya matrela inavyokuwa, yanasimama, yanasogea kidogo, yanasimama tena, na sisi wenye pikapu tumebanwa katikati yao. Dereva wa trela anakaa juu sana. Akikusogelea kwa nyuma anachoona ni paa la kebini yako na magunia, zile taa zako mbili za nyuma ziko huko chini karibu na bampa yake, kashazipoteza. Sasa we kanyaga breki hapo uone, anategemea nini kujua kwamba umesimama? Anategemea kuona gunia limeacha kusogea, basi.

Pikapu yangu ni Hilux ya miaka ya 90, kebini moja, injini ya dizeli inayoitwa 3L (ni jina, sio lita tatu), na haikutoka kiwandani na taa ya katikati. Pikapu nyingi za wakati ule ziko hivo hivo. Hata Marekani walioanza kulazimisha hii taa waliianzia kwenye magari madogo ya saluni, modeli za mwaka 1986, pikapu na vani zikaachwa mpaka modeli za 1994. Na mambo yalianzia kwenye teksi, mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja anaitwa John Voevodsky alifunga taa ya ziada katikati nyuma ya teksi za San Francisco, akaona zinagongwa nyuma mara chache kuliko zile ambazo hazikufungwa. Baadaye NHTSA, yaani idara yao ya usalama barabarani, ikafuatilia kwa miaka, ikakuta mwaka 1987 taa ikiwa bado ngeni ajali za kugongwa nyuma zilipungua kwa asilimia 8.5, afu madereva walivyoizoea ikashuka ikatulia kwenye asilimia 4.3. Kuna mtu ataniambia 4.3 ni kidogo. Mi sioni hivo, kwanza hiyo ni miaka na miaka ya watu kurudi nyumbani salama kwa sababu ya kitaa kimoja, pili zile zilikuwa saluni nyingi zinafuatana na saluni nyingine, sio pikapu iliyojaa mahindi mbele ya trela la kontena jioni vumbi limetanda.

Na hizi pikapu zetu bado tuko nazo sana. Tangu 2018 sheria ya Uganda haikubali kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo mwenye Hilux kuukuu nzuri anaitunza kama ng'ombe wa maziwa, na ukiitunza injini basi itunze na nyuma.

Sasa kazi yenyewe. Fundi wengi wa waya ukiwaambia unataka taa ya tatu wanakimbilia nyuma moja kwa moja. Wangu aliniambia, "Bosi tunavuta tu waya kwenye hii taa ya nyuma, saa hizi imeisha." Nikamwambia hapana fundi, tuanzie kwenye pedali. Na hili ndo jambo ambalo ningeomba mlishike kuliko yote humu, manake ule waya wa nyuma unapita chini ya chasi kilomita zote hizo za mawe, matope, maji ya mto ukivuka, na kwenye gari la miaka 30 ushaungwa ungwa na kila mtu. Siku ukikatika, taa mbili za nyuma zinazima na ya tatu uliyoivuta kutoka hapo inazima nazo, sasa imekusaidia nini. Ukiutoa kwenye swichi ya breki pale juu ya pedali, ukaupitisha ndani ya kebini, chini ya kizingiti cha mlango, ukapanda kwenye nguzo ya nyuma mpaka darini, huo waya haukutani na tope hata siku moja. Chasi ikikatika waya, we bado una taa moja inayosema nimesimama.

Pale kwenye swichi kuna waya mbili. Mmoja una moto muda wote kutoka kwenye fyuzi (fungua kifuniko cha fyuzi utaona pameandikwa STOP), wa pili unapata moto ukikanyaga tu, na huo wa pili ndo unaoutaka. Usifuate rangi, gari la zamani rangi zishabadilishwa na mafundi, chukua taa ya kupimia, gusa, kanyaga, achia. Kwenye Hilux kama yangu hata funguo hauhitaji kuwasha, taa za breki zinafanya kazi gari likiwa limezimwa. Afu kwenye huo waya mpya weka fyuzi yake ndogo, ya ampia 2 au 3 inatosha, manake taa ya LED haili hata nusu ampia, na siku waya ukichubuka darini ukagusa bodi itaungua hiyo ndogo, taa kubwa za nyuma zitabaki hai. Bila hiyo fyuzi ndogo, inaungua ile ya STOP na unabaki bila breki laiti hata moja, na we mbele hujui chochote. Zile klipu za plastiki za kubana waya bila kumenya mimi sizipendi, zinakata uzi wa waya na unyevu unaingia, piga solda, funga vizuri, umemaliza.

Ethi nayo, yaani ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Nenda kaifunge kwenye bodi ya kebini, kwaruza rangi mpaka uone chuma, kaza bolti. Mabodi ya nyuma ya hizi pikapu yameoza kwenye miguu na ethi yake haieleweki. Unajua ile gari ukikanyaga breki indiketa nazo zinawaka hafifu au taa za nyuma zinafifia badala ya kung'aa? Hiyo ni ethi imekufa, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Ukiona hivo kwenye gari lako tengeneza hiyo kwanza kabla ya kununua taa yoyote, tafadhali.

LED au balbu ya kawaida? LED, na sababu sio urembo. Balbu ya breki ya kawaida ya wati 21 ni uzi unaopashwa moto mpaka ung'ae, na huo moto unachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kufika, LED inawaka papo hapo. Trela likitembea 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo hapo umempa dereva mita 4 na zaidi za bure. Mita 4 ni karibu urefu wa pikapu yenyewe jamani! Ukienda Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala, utapata za kila namna, mpya na zilizotolewa kwenye magari mengine, chagua iliyozibwa vizuri maji yasiingie na kioo chekundu kisichopauka.

Mahali pa kuifunga tulibishana. Ndani ya kioo cha nyuma ni rahisi, hutoboi kitu, maji hayafiki, lakini mimi nina grili ya chuma kwenye kile kioo na vumbi la barabara linakifunika kabisa, na usiku mwanga unarudi ndani unakupiga kwenye kioo cha kuangalizia nyuma. Kwa hiyo tuliiweka nje, ukingoni mwa paa juu ya kioo, katikati kabisa. Tundu moja tu la waya, kingo zake zikapakwa redioksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, tukasubiri ikauke, ikaingia raba ya kuzuia waya usikatwe na bati, mwisho silikoni pande zote. Hapa usimharakishe fundi, tundu lisilopakwa rangi linaanza kutu mvua ya kwanza na paa la Hilux hii hulipati tena kirahisi. Na ielekeze nyuma wima, isitazame mbinguni.

Kuna wanaofunga zile zinazomweka mweka kila ukikanyaga breki. Mi nakataa. Anayekuja nyuma usiku anadhani ni indiketa au ni askari, anaanza kujiuliza wakati ambao angekuwa anakanyaga. Nyekundu, tulivu, inawaka ukikanyaga, inazima ukiachia. Pia kuna waliounganisha na taa za usiku ili "ipendeze", sasa ikiwa inawaka safari nzima nani atajua umefunga breki?

Tofauti niliiona mapema. Jamaa mmoja wa tenki la mafuta alishuka pale kwenye foleni akanipigia dirisha akasema, "Mzee hii ya juu ni nzuri, sasa nakuona hata nikiwa nimekukaribia," na huyo ndo mtu ambaye kazi yote ilifanywa kwa ajili yake, nilifurahi sana.

Kilichobaki ni mzigo. Nikipakia makaa au magodoro yakapita kimo cha kebini, taa ya paa inafichwa yote na nimerudi kule kule. Mpango nilio nao ni kufunga ya pili kwenye fremu ya nyuma, juu, yenye plagi ya kuchomoa ili fremu ikitoka waya usikatwe, na ile plagi ndo inanisumbua kwa sababu za trela ni kubwa mno na ndogo zinaingia vumbi. Kama kuna mtu wa Mbale au Busia ambaye kafunga kwenye fremu na ikadumu msimu mzima wa mvua, aniambie alitumia plagi gani na aliificha wapi.